Dereva Mwenye Leseni na Mwalimu wa Pembeni: Mafunzo ya Barabarani Yanayomfuata Mtu Kwenye Njia Yake



Mada yangu inamhusu dereva ambaye tayari ana leseni. Tumezoea kusema habari za mwanafunzi mwenye kibao cha L, na habari za dereva wa basi anayerudishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kuongeza cheti. Katikati yao yuko mtu mwingine: mwenye gari dogo anayekwenda kazini na kurudi, na dereva wa Hiace au kirikuu anayesambaza mikate, maji na vipuri mjini kutwa nzima. Huyu alifundishwa mara moja, akatahiniwa mara moja. Leseni yake hudumu miaka 5, na akienda kuihuisha, kwa kawaida hakuna anayepanda naye gari kumtazama anavyoendesha. Anaweza kushika usukani miaka ishirini bila mtu mwenye ujuzi kuketi pembeni yake hata siku moja.

Mtu huyu hakosi maarifa. Ukimuuliza mwendo wa kwenye makazi, atakujibu kilomita 50 kwa saa kabla hujamaliza swali. Kinachomsumbua ni mazoea, na mazoea hayaonekani na mwenyewe. Ndiyo maana nasema mafunzo yake yasianzie darasani. Yaanzie kwenye gari lake, kwenye njia yake ya kila siku, na mwalimu aanze kwa kunyamaza.

Nitaeleza kwa mfano. Nilipanda na kijana mmoja anayesambaza mikate, tukatoka Ubungo kwa Barabara ya Mandela, tukapita External na Tabata kuelekea Buguruni. Nilimwambia aendeshe kama anavyoendesha siku zote, mimi sitasema kitu. Nilikuwa na daftari, na kila alipokanyaga breki kwa nguvu nilichora mstari. Tulipofika Buguruni mistari ilikuwa 11. Kila breki ilifuatwa na mlio uleule nyuma yetu: kreti za mikate zikiteleza na kugonga ubao wa nyuma ya viti. Nilipomuuliza kuhusu mlio ule, alinitazama kwa mshangao. "Mlio gani, mwalimu?" Alikuwa ameuzoea hata hausikii tena.

Kijana yule hakuwa na papara. Tatizo lilikuwa macho yake. Yalikuwa yameganda kwenye bampa ya gari la mbele, kwa hiyo taa ya breki ya gari lile ndiyo iliyokuwa habari yake ya kwanza na ya mwisho. Daladala lililowasha indiketa magari manne mbele hakuliona. Mwenda kwa miguu aliyeshuka ukingoni hakumwona. Tena nilibaini jambo la pili: kila alipotaka kubadili njia alitupa jicho kwenye kioo cha ndani, na kioo kile kilikuwa kinaonyesha kreti tu, maana gari lilijaa hadi darini. Alijifunza udereva kwenye gari dogo, akahamia kwenye gari la mzigo, na shingo yake ikabaki kule kwenye gari dogo.

Wakati wa kurudi nilimpa kazi mbili tu. Ya kwanza, aseme kwa sauti anachokiona, mbali kwanza, kisha karibu: "Lori linasimama. Mama na mtoto kushoto. Bodaboda inanipita kulia." Mtindo huu wa kuendesha huku ukisema si wangu. Polisi wa Uingereza wameutumia miaka mingi, na shule yao ya udereva ya Hendon, London, iliyofunguliwa miaka ya 1930, imechangia kuueneza. Faida yake ni kwamba mwalimu anausikia ukimya. Dereva akipita kivuko cha pundamilia bila kukitaja, mwalimu anajua hakukiona, na dereva naye anajua. Hapo hakuna haja ya kugombana.

Kazi ya pili ilikuwa kuhesabu. Gari la mbele likipita nguzo, anza: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemganda mwenzio. Mwanzoni alilalamika, na lalamiko lake lina ukweli ndani yake: "Mwalimu, nikiacha nafasi hapa bajaji inaingia." Ni kweli, iliingia. Tukahesabu upya. Bajaji tatu ziliingia mbele yetu kutoka Buguruni hadi External, na kila moja ilitugharimu sekunde chache tu. Kreti zilinyamaza. Alipoutambua ule ukimya alicheka, akaniambia sasa ameelewa kwa nini mikate ilikuwa inafika dukani imebonyea.

Wakufunzi wenzangu, hesabu ya sekunde mbili ina sababu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja na nusu kati ya kuona na kukanyaga, gari limekwishatembea mita 33 kabla breki haijaanza kazi. Kwa mwendo wa 50 ni mita 21. Takwimu hizi ukizitaja ukumbini watu wanaitikia kwa vichwa tu. Ukimshusha dereva sehemu salama pembeni mwa barabara, mkapima kwa hatua mita 33 kutoka kwenye bampa yake, anaacha kuitikia na anaanza kufikiri.

Sasa niwaeleze mfano wa pili, kwa sababu ndio unaoonyesha kwa nini mafunzo haya lazima yashonwe kwa kipimo cha mtu. Mama mmoja, mwenye leseni kwa miaka tisa, alikuja kwangu akisema anataka "kurudia kidogo". Nilipopanda naye niligundua kwamba miaka yote hiyo alikuwa anazunguka mitaa kadhaa kila asubuhi ili asikate kulia kwenye njia panda moja yenye magari mengi. Aliwahi kupigiwa honi pale siku za mwanzo, gari likazimika, na hofu haikumtoka. Uangalifu wake ulikuwa mzuri kuliko wa madereva wengi niliowahi kukaa nao. Alichohitaji ni kukata kulia pale mara nyingi, kwanza Jumapili alfajiri, kisha saa nne, kisha saa za foleni, pembeni yake akiwa na mtu asiyepiga kelele. Siku ya tatu alikata mwenyewe.

Wawekeni hawa wawili darasa moja, muwape somo moja la tahadhari. Kijana wa mikate atalala. Mama yule ataondoka na hofu zaidi.

Niseme wazi pia jambo ambalo sisi wauza mafunzo hatupendi kulisikia. Mwaka 2003 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 24 ya elimu kwa madereva wenye leseni, 23 ya Marekani na moja la Sweden, yenye madereva zaidi ya 300,000. Hawakupata ushahidi kwamba elimu ile inazuia majeruhi wa barabarani. Nchini Norway, mafunzo ya kudhibiti gari kwenye utelezi yalifuatiwa na ongezeko la ajali kwa vijana wa kiume, labda kwa sababu walijiona mabingwa. Tukipuuza matokeo haya tutakuwa tunauza vyeti.

Lakini lile jaribio la Sweden linatupa mwanga. Lilifanywa katika shirika la simu, Televerket. Madereva waligawanywa: wengine wakapewa mafunzo ya kuendesha, wengine kampeni, wengine bonasi ya kutopata ajali, wengine wakakutana katika vikundi kujadili hatari za kazi yao na kila mmoja kuamua mwenyewe atabadili nini, na kundi moja likaachwa kama lilivyo. Kundi la majadiliano ndilo lililopunguza hatari ya ajali kuliko yote. Mimi nalisoma hivi: dereva hubadilika pale anapotamka kasoro kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayejaza saa nzima kwa maelekezo, na anayeonyesha ufundi wa kukata kona kwa kasi, anaharibu. Baada ya safari, zimeni injini, kaeni ndani ya gari, muulize dereva: ni wapi leo ulipata wasiwasi? Kisha subiri jibu. Robo saa ya mazungumzo hayo ina thamani kubwa kuliko safari yenyewe.

Kuna jambo moja lazima lifundishwe waziwazi hata kama dereva hakulitaja. Wengi hapa mnajua desturi ya barabara kuu: lori likiwasha indiketa ya kushoto, aliye nyuma anachukulia kwamba ameruhusiwa kupita. Indiketa hiyohiyo inaweza kumaanisha kwamba lori linaingia pembeni, au dereva wake amekosea. Dereva wa gari dogo anayeovateki kwa macho ya mtu mwingine amekabidhi roho za abiria wake kwa mtu asiyemjua. Somo hili lifanyike kwenye barabara kuu yenyewe, nyuma ya lori halisi, dereva akisema kwa sauti yale anayoyaona kwa macho yake. Na kama haoni, aseme "sioni", abaki nyuma.

Kwa maofisa usafirishaji nina maneno machache mazito. Dereva akijua kwamba daftari langu litafika mezani kwenu, hataendesha kama kawaida yake. Ataigiza mtihani, nami nitarudi bila kitu. Maelezo ya mwalimu yabaki kwa dereva. Nyinyi ombeni taarifa ya jumla tu: njia zipi ni mbaya, magari yapi vioo vyake havifai, mizigo inafungwaje. Halafu tazameni ratiba zenu. Kijana wa mikate alikuwa na maduka mengi ya kufikia kabla ya saa moja asubuhi, na hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha kuacha nafasi ya sekunde mbili ikiwa ofisi imeshaichukua nafasi hiyo kwenye karatasi.

Kwa hiyo naiomba semina hii ikubaliane nami kwa hatua ya kuanzia. Kila dereva wa gari dogo na la mzigo katika ofisi zenu apewe saa tatu na mwalimu mmoja, ndani ya gari analolitumia, kwenye njia anayoipita, saa zilezile anazoipita. Saa hizo ziwe ndani ya muda wa kazi, na ratiba ya siku hiyo ipunguzwe.