Simu Ibadani na Mezani

Novemba 2017, Papa Fransisko aliwaambia mahujaji katika Uwanja wa Mtakatifu Petro kwamba humhuzunisha kuona simu nyingi zikiinuliwa wakati wa misa, zikiwamo za mapadri na maaskofu. Alisema kweli. Lakini simu si adui wa kanisa. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya ibada nchini Kenya, waumini walisali kupitia simu na kutuma sadaka kwa M-Pesa. Biblia nayo imo humo humo simuni. Kinachoumiza ni ujumbe unaoingia katikati ya zaburi, na jicho likaufuata. Nyumbani hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mtoto humwiga mzazi. Wazazi, chakula cha jioni kikiandaliwa, zimeni simu zenu kwanza, ndipo muwaambie watoto wazime zao.