Askari na Stashahada ya Ufundi

Askari wa Jeshi na wa Polisi, mlio zamu na mlio mapumzikoni: mazungumzo yetu ya leo yanahusu kusomea stashahada ya ufundi. Jambo hili halisikiki katika habari za kila siku, lakini linawahusu ninyi kuliko watu wengi. Miongoni mwenu wako wengi waijuao kazi kwa mikono, na ni wachache mno walio na hati ya kuithibitisha. Nchi yetu nayo imefika mahali ambapo upungufu huo hauwezi tena kupuuzwa.

Tuanzie Giheta. Mtu akitoka mjini Gitega kuelekea kaskazini, baada ya kilomita chache hufika Gishora, kilima cha ngoma za kifalme ambazo historia yake hufungamana na enzi ya Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Wageni huja kuwatazama wapigaji wakirukaruka, nao hustaajabu, na ni haki yao. Lakini ni wachache wanaouliza habari za mtu aliyeichonga ngoma yenyewe. Gogo lake hutoka katika mti ambao kwa Kirundi huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Si kila mti unafaa, si kila ngozi inafaa, wala vigingi havipigiliwi ovyo. Mchongaji anayajua hayo yote, na aliyapata kwa baba yake, ambaye naye aliyapata kwa babu. Hakuna darasa wala kitabu.

Elimu ya namna hiyo tunaiheshimu. Maadamu mti ni ule ule na ngoma ni ile ile, elimu ya kurithi inatosha, tena inazidi. Shida huanza kinapofika kilimani kitu ambacho baba hakukiona wala babu hakukisikia.

Na vitu hivyo vimekwisha kufika. Huko Rusumo, katika Mto Kagera, Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga kwa pamoja kituo cha umeme wa maji chenye uwezo wa megawati 80, na sehemu yetu ya umeme huo inakuja kwa njia ya waya za kilovolti 220 zinazopita Muyinga hadi Gitega. Huko Mubuga, mkoani Gitega, tangu mwaka 2021 kipo kituo cha umeme wa jua cha megawati 7.5. Mwezi Agosti 2025 ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza nchini Tanzania hadi Musongati ulizinduliwa, na nia ni kuifikisha baadaye Gitega, mji ambao mwishoni mwa mwaka 2018 ulitangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa ya nchi. Waya, transfoma, vioo vya jua, reli na madaraja yake: nani atavitunza baada ya wajenzi kufunga mizigo yao na kwenda zao?

Hapo ndipo tunapomkuta fundi sanifu. Katika kazi za uhandisi kuna ngazi tatu. Juu yuko mhandisi, ambaye hubuni na kukokotoa. Chini yuko fundi mchundo, ambaye hushika spana na kufanya kazi yenyewe. Katikati yuko fundi sanifu, mwenye stashahada, ambaye husoma mchoro wa mhandisi, akaufasiri kwa mafundi, akapima, akarekebisha, akaandika taarifa. Sisi huku tulirithi kutoka kwa Wabelgiji utaratibu wa hati za A3, A2 na A1, na hati ya A2 ndiyo iliyowatoa mafundi wengi wa shule kama ile ya Kamenge, Bujumbura, ijulikanayo kwa herufi zake ETS. Tanzania ina utaratibu wake, ulioanzia hasa katika Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1957, ambacho mwaka 1997 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia. Majina yanatofautiana, bali haja ni moja. Nchi yenye wahandisi na mafundi mchundo bila mafundi sanifu ni kama kikosi chenye kanali na makuruta, lakini hakina hata sajini mmoja.

Huenda askari mmoja akasema: mimi natengeneza magari ya kikosi kwa miaka kumi na miwili, karatasi itaniongezea nini? Swali hili ni la haki, na linastahili jibu la vitendo, wala si la maneno matamu.

Chukua mfano wa jenereta. Kuanzia Desemba 2007, na kwa muda wa miaka 17 hivi, askari wetu walihudumu Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, na Mogadishu iko ufukweni mwa bahari. Gitega iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,500. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini ya dizeli isiyo na tabo huvuta hewa haba katika kila mzunguko, na hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua. Kadirio linalotumiwa na mafundi ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Basi jenereta iliyokuwa ikitoa kilowati 100 pwani, Gitega itatoa kama kilowati 85.

Fundi wa mazoea akikabidhiwa jenereta hiyo huona inalemewa na kutoa moshi mweusi. Hubadilisha chujio, hufungua nozeli, huilaumu dizeli, na mwisho huongeza mafuta. Moshi unazidi, injini inapata joto kupita kiasi, na siku moja inazimika. Ikiwa wakati huo daktari wa kambi yumo chumba cha upasuaji, kuna mtu anayelipa kosa hilo kwa uhai wake. Fundi aliyesoma ana mikono ile ile na spana zile zile. Tofauti ni kwamba kwanza husoma bamba la injini, akafanya hesabu kwa penseli, kisha akaondoa mizigo ya kilowati 15 isiyo ya lazima, na taa ya daktari ikaendelea kuwaka. Fundi wa kwanza si mvivu wala si mjinga. Alifundishwa namna ya kutenda, hakufundishwa sababu. Na anayejua namna bila sababu hukwama mara tu mahali panapobadilika.

Ndugu zetu polisi wasidhani kwamba habari hii ni ya wanajeshi peke yao. Tazameni Kobero, mpakani mwa Muyinga na Tanzania, ambako malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam huingilia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima lenye ekseli saba, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Dereva huweza kumbembeleza polisi akisema: mzee, tani mbili tu zimezidi, zina nini? Polisi asiyejua uhandisi huona kweli ni jambo dogo. Lakini majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami haupandi sawa na uzito. Hupanda kwa kadiri ya uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ikitoka tani 10 ikafika tani 12, uharibifu unazidi mara mbili. Ikifika tani 20, uharibifu ni mara 16. Polisi anayeijua hesabu hiyo hana haja ya kubishana. Anajua kwamba tani mbili za yule dereva ni mashimo ambayo gari la wagonjwa litayakuta msimu ujao wa mvua.

Sasa, mwenye nia ya kusoma atakutana na vikwazo, na si vizuri kuvificha. Cha kwanza ni hesabu. Wengi walioshindwa masomo ya ufundi hawakushindwa na mashine. Walishindwa na aljebra na jometri walizozisahau tangu shuleni. Anayetaka kuanza mwakani na aanze leo kurudia hesabu, nusu saa kila siku, kabla ya kununua kitabu chochote cha umeme au cha injini.

Kikwazo cha pili ni lugha. Kijana wa Giheta huwaza kwa Kirundi na hufundishwa kwa Kifaransa. Kitabu cha mashine mpya mara nyingi kimeandikwa kwa Kiingereza. Na akiingia gereji za Buyenzi hukuta spana, bisibisi, nati na betri, maneno ya Kiswahili. Lugha nne kwa kazi moja! Lakini mzigo huu waweza kugeuka mtaji. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane hati za elimu na za taaluma. Kazi ya utambuzi huo haijakamilika, lakini fundi sanifu mwenye hati halali na Kiswahili kizuri amekwisha kuvuka nusu ya mpaka. Na awe na daftari lake mwenyewe: kila neno jipya la Kifaransa aliandike pamoja na jina lake la gereji, hata darasa na karakana viwe kitu kimoja kichwani mwake.

Kikwazo cha tatu ni nafasi, nacho kiko mikononi mwa makamanda. Askari ni mtu wa amri. Hawezi kujipa likizo. Kamanda anayemwona kijana wake akisoma usiku kwa taa ya zamu ana njia mbili: kumpangia zamu zisizogongana na masomo, au kumwambia kwamba jeshi si shule. Njia ya pili ni rahisi leo na ni ghali kesho, maana siku mtambo utakapokwama, kamanda huyo huyo atatafuta fundi wa kukodi, kwa fedha ambayo kikosi hakina.

Liko onyo moja. Pale hati inapoheshimiwa, hutokea watu wa kuiuza, na wengine wa kuinunua. Karani mwenye hati ya bandia huharibu majalada. Fundi wa umeme mwenye hati ya bandia huua watu, na mara nyingi huanza na nafsi yake. Vilevile wako walioipata hati kwa haki kisha wakaitundika ukutani, wasiguse tena mafuta wala vumbi. Hao nao wamekosea njia. Stashahada ya ufundi haimtoi mtu karakanani. Humrudisha humo akiwa na macho zaidi.

Mwisho, tuikumbuke historia yetu wenyewe. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 na makubaliano yaliyofuata, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004 maelfu ya watu walivua kombati na kurudi vilimani kwao, baadhi wakitoka jeshini, wengine katika makundi yaliyokuwa porini. Fedha ya kuanzia maisha hupewa mtu mara moja, nayo huisha. Ujuzi hauishi, na ujuzi wenye hati huaminiwa hata na tajiri asiyemjua mwenye nao. Kila aliyevaa sare leo ataivua siku moja, kwa umri, kwa afya au kwa amri. Swali la kujiuliza usiku huu, wewe koplo uliye Muyinga na wewe brigedia wa polisi uliye Gitega, ni hili: siku ile nitarudi nyumbani na nini mkononi?

Wapigaji wa Gishora wataendelea kupiga, na watoto wao watapiga baada yao, kwa sababu mchongaji alimfundisha mwanawe. Mitambo ya Rusumo, vioo vya Mubuga na reli ya Musongati havina baba wa kutufundisha. Hivyo tutavirithi kwa kusoma tu.