Dawa ya Kipandauso: Hadhari kwa Wakazi wa Eastlands



Kipandauso si kuumwa na kichwa kwa desturi. Mara nyingi hushika upande mmoja, kichwa kikagonga kama ngoma, mwanga ukachukiza macho, na mgonjwa akatapika. Mwenye kibanda sokoni Gikomba hulala gizani kutwa nzima, na pato lake la siku hiyo limepotea. Si ajabu basi kwamba hutaka dawa upesi, na pengine huitafuta kwa jirani. Katika mitaa ya Kaloleni, Jericho na Makadara nyumba zimekaribiana, na kuazimana ni ada njema. Chumvi na iazimwe. Dawa iliyoandikwa na daktari haiazimwi.

Sababu ipo. Iko dawa ya zamani iitwayo ergotamini, iliyopatikana Uswisi mwaka 1918 kutokana na kuvu iotayo juu ya nafaka moja ya Ulaya ifananayo na ngano. Karne nyingi kabla ya hapo, watu waliokula mkate wenye kuvu hiyo walipatwa na msiba: vidole na miguu iligeuka myeusi ikafa, kwa kuwa kuvu hiyo hubana mishipa ya damu. Dawa nayo hubana mishipa, lakini kwa kipimo. Kipimo kikizidi, au mwili ukishindwa kuiondoa, msiba ule ule waweza kurudi. Na ziko dawa zizuiazo mwili usiiondoe: ritonaviri, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa Ukimwi, na erithromisini, itumiwayo kwa maradhi ya koo na kifua. Amezaye mojawapo asiiguse ergotamini kabisa. Wala mama mjamzito asiiguse. Ni kweli, kutaja dawa za Ukimwi mbele ya foleni ni kazi ngumu, kwani foleni ina masikio. Basi mgonjwa na aombe kusema na mfamasia kando, au amwonyeshe kopo lenyewe bila kusema neno.

Sumatriptani ni dawa mpya zaidi. Humezwa mara maumivu yaanzapo. Yakitulia kisha yakarudi, kidonge cha pili chaweza kumezwa, lakini si kabla ya saa mbili kupita. Na kama cha kwanza hakikusaidia, cha pili kisimezwe kwa maumivu yale yale. Dawa hizi mbili zisikutane mwilini ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupatwa na kiharusi, au mwenye shinikizo la damu lisilotulizwa, hafai kupewa hata moja.

Tena, jambo ambalo wengi hawalisadiki: dawa ikizidi, yenyewe huleta maumivu ya kichwa. Amezaye dawa hizi siku 10 au zaidi kila mwezi, au Panadol siku 15, kwa muda wa miezi mitatu, aweza kujikuta anaumwa karibu kila siku. Yafaa kutia alama katika kalenda ya ukutani kila kidonge kimezwapo, na kumwonyesha daktari.

Lakini maumivu yaliyopiga ghafula kupita yote yaliyotangulia, au yenye homa na shingo kukakamaa, au yaliyofuatwa na mkono kulegea, si ya duka la dawa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa ile ile, kama ile ya Mama Lucy Kibaki iliyo upande huo huo wa mji, hata ikiwa ni usiku wa manane.