Mkono wa Pedali Ukianza Kucheza

Msikilizaji, unapanda mlima na madumu ya maji nyuma, na kila pedali inapozunguka unasikia mgoto mdogo, tak, chini ya mguu. Shuka. Usiendelee kukanyaga hata kama nyumbani ni karibu, sukuma.

Shika mikono yote miwili ya pedali, huu huku na huu kule, uitikise. Mmoja ukicheza peke yake, tazama kota, ile pini ya chuma inayoubana mkono kwenye ekseli. Ikicheza yote pamoja, tatizo liko kwenye gololi za ndani.

Kota ina upande mmoja uliochongwa bapa kwa mshazari, na ubapa huo ndio unaokandamiza ekseli. Wengi hukaza nati tu kwa nguvu zote, na hapo ndipo meno yake hukatika, kwa sababu kazi ya nati ni kuishikilia kota, si kuivuta ndani. Kota huingizwa kwa nyundo, mkono ukiwa umeegemezwa juu ya chuma kizito ili gololi zisiumie. Kisha nati. Endesha kidogo, rudi, gonga tena, kaza tena. Kota iliyolika itupe. Mpya ni nafuu sana kuliko ekseli.

Baiskeli nyingi za siku hizi hazina kota, zina bolti na ekseli yenye ncha ya mraba. Hizo zinataka uharakishe zaidi: mkono wa alumini ukiendeshwa umelegea, tundu lake hulika kona zote, na hata ukikaza vipi hautashika tena. Itabidi ununue mwingine.