Hotuba ya Mwenyekiti: Bima Kwanza, Mabati Baadaye


Mwenzetu mmoja ni karani wa wagonjwa hospitalini, kliniki ya akina mama. Yeye hadungi sindano. Hutafuta faili, hupanga tarehe, hutazama kama bima imelipwa. Mgonjwa akikwama hukwama hapo, na karani ndiye hutukanwa!

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, Oktoba 2024, anaona wengi wamejiandikisha lakini hawajalipa. Kwetu sisi wa sokoni mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila hutakiwa wa mwaka mzima: 3,600. Muuza mboga atazitoa wapi kwa siku moja?

Ndipo tukakubaliana kikundi kikopeshe za bima kwanza, mabati baadaye. Wengine walinuna. Waliobaki wamwone mweka hazina leo, kabla ya pilau.