Mahindi Kati ya Shamba na Chungu: Upotevu wa Chakula Baada ya Mavuno katika Wilaya za Mbulu na Hanang



Hasara ya shambani mkulima huiona kwa macho. Mvua ikikatika mapema, mahindi hunyauka mbele yake. Hasara ya ndani ya nyumba haijitangazi hivyo. Gunia huendelea kusimama ukutani, limefungwa vizuri, na mama hugundua siku ya kwenda mashineni kwamba nusu ya alichobeba ni vumbi la wadudu. Kaya iliyovuna magunia ishirini ikapoteza manne kwa wadudu, panya na ukungu imelima bure sehemu ya tano ya shamba lake, pamoja na mbegu, mbolea na palizi.

Zamani mahindi yaliwekwa na maganda yake darini, juu ya moshi wa jiko, au katika kihenge. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake: ganda lililofunika vizuri lilimzuia fukusi, na moshi uliendelea kukausha. Kilichobadilika ni mdudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa mkoani Tabora dumuzi, mwenye asili ya Amerika ya Kati. Wakulima walioiona kazi yake walimwita Scania, kwa jina la lori. Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yasiyopukuchuliwa, kwa kuwa gunzi huzishika punje zisisogee anapozitoboa. Hata mbao za kihenge huzitoboa. Njia iliyomfaa babu leo humkaribisha adui. Dawa ya unga nayo hailindi ipasavyo mahindi yaliyo kwenye magunzi. Huchanganywa na punje zilizopukuchuliwa na kupepetwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, wala si kwa kukisia kwa kiganja.

Lakini kabla ya dawa kuna jua. Mahindi ya kuhifadhi hayapaswi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na katika miinuko ya Mbulu, penye ukungu na baridi, kufikia kiwango hicho huchukua siku nyingi kuliko katika tambarare za Hanang. Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chumvi. Punje hutiwa katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi iliyokauka kabisa, chupa hufungwa, hutikiswa kwa dakika chache, kisha huachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, yamekaribia kufaa, ingawa kwa chakula cha kukaa miezi mingi siku moja au mbili zaidi za jua hazipotei bure. Mahindi huanikwa juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu.

Udongo na unyevu ndivyo vinavyolea kuvu, na hapo suala huacha kuwa la hasara ya mali. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mkoa huu huu, watu wapatao 20 walifariki katika mlipuko wa sumukuvu, na mahindi ndiyo yaliyohusishwa nao. Sumu hiyo huharibu ini, wala haiondolewi na moto wa kawaida wa jikoni. Kwa hiyo punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi hutengwa na kuteketezwa. Kuzipeleka kwenye pombe au kuwapa kuku si kuziokoa.

Mahindi yakishakauka na kuchambuliwa, mfuko wa tabaka tatu huyalinda bila dawa yoyote. Mifuko miwili ya plastiki hukaa ndani ya kiroba, kila mmoja hukamuliwa hewa na kufungwa peke yake, na wadudu waliobaki humaliza hewa waliyonayo wakafa. Bei yake ni kubwa kuliko ya kiroba cha kawaida, na si haki kumlaumu mkulima anayesita. Busara ni kuanza na magunia ya chakula cha nyumbani. Yale yatakayouzwa ndani ya wiki chache hayahitaji gharama hiyo. Mfuko usiotoboka hutumika tena msimu unaofuata.

Tanzania, pamoja na mataifa mengine ya Afrika, iliahidi huko Malabo mwaka 2014 kupunguza upotevu huu kwa nusu ifikapo 2025, na ina mkakati wa taifa wa 2019 hadi 2029. Hata hivyo, hifadhi humsaidia anayeweza kusubiri. Anayedaiwa ada ya mtoto huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha hununua mahindi yale yale miezi ya palizi kwa bei ya juu. Akiuza kwa lumbesa, hupoteza mara mbili, ilhali sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Kijiji kisicho na mizani, basi, kinapaswa kulifikisha jambo hilo kwenye mkutano mkuu kabla malori ya wanunuzi hayajaanza kupanda.