Moto Baada ya Ugomvi wa Pesa

Leo tulitaka kuzungumza juu ya mbolea, lakini maswali mliyotuletea ni ya moto. Mbolea ingoje.

Tuanze na miwa. Kule Awendo, na hata Ndhiwa, shamba likiungua usiku, asubuhi kila mtu ana jina mdomoni. Ati ni jirani waliyegombania mpaka. Ati ni kijana aliyenyimwa pesa za kupalilia. Ati ni mwenye shamba mwenyewe, maana miwa iliyoungua huharibika upesi na lazima ikatwe mapema. Yote yanawezekana. Ndiyo sababu hakuna hata moja lililo ushahidi.

Kuna kikundi tunachokitembelea, hatutakitaja. Walikuwa wamegombana juu ya akiba, na siku chache baadaye chumba cha mbegu na vitabu kikateketea. Wengine wakasema mwekahazina amechoma vitabu afiche wizi. Wengine wakasema ni wadeni, kwa kuwa madeni yao yaliandikwa humo humo. Vijana wakafika kwa mama huyo na petroli. Mzee mmoja, jirani tu wala si mwanachama, akasimama mlangoni mpaka wakaondoka.

Wangemchoma bure. Kila mwanachama alikuwa na kadi yake nyumbani, nasi tukakaa nao siku mbili chini ya mti tukijumlisha. Pesa zilizokosekana zilikuwa mikopo mitatu iliyotolewa kwa mdomo, na waliokopa wakakubali mbele ya wote. Aliyewasha moto hajajulikana hadi leo.

Basi nyumba ikiungua, msifagie majivu wala kuokota kitu. Mwiteni chifu, mwende polisi, mpewe nambari ya OB, na mseme mlichoona, si mnachodhani. Sheria ya Kenya si nyepesi: kuchoma nyumba makusudi ni kifungo hadi cha maisha, na kuchoma mimea shambani ni hadi miaka 14. Kwa mashtaka mazito hivyo, hakimu hatasikiliza "tulikosana naye."

Na nakala ya kitabu ilale nyumba nyingine, kuanzia wiki hii.

Yule mama amerudi kikundini. Analeta akiba yake kama wengine, ila hataki tena kushika pesa za watu. Hatumlaumu.